Maganda Aliyoyasugua Tabea

Naftali Sumari hakuwa na gari, hakuwa na pikipiki, hakuwa na bima ya afya wala kiwanja chenye hati. Hakuwa na mkataba wa kazi wa maandishi, ingawa alikuwa amelinda milango ya watu kwa miaka kumi na tisa. Hakuwa na kaka aliyesoma sheria, hakuwa na shemeji serikalini, na hakuwa na ulimi wa kujitetea mbele ya mtu aliyevaa tai. Na tangu Jumanne ya wiki ile, hakuwa na kidole cha shahada cha mkono wa kulia, wala nusu ya kile kirefu kilichokuwa jirani yake.

Alichokuwa nacho ni vyumba viwili vya kupanga huko Kimandolu, mke aitwaye Tabea, binti yao Anjela aliyekuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na karatasi moja iliyolala juu ya meza, imekandamizwa na kopo la sukari ili upepo usiichukue.

Karatasi hiyo aliileta Mzee Elinaza siku ya Alhamisi. Elinaza alikuwa meneja wa walinzi katika kampuni yao, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kupitisha kapu la sadaka na kusoma matangazo. Kwa umri alikuwa mdogo wa Naftali kwa miaka kumi, lakini cheo hakina mdogo. Alivua viatu mlangoni, akaketi, akaomba kwanza. Aliomba vizuri. Alimtaja Naftali kwa jina, akautaja na mkono wenyewe, na Tabea akajikuta amesema amina kabla hajajua atakachoambiwa.

"Sasa, Baba Anjela," Elinaza akasema akiikunjua karatasi, "hili ni jambo la faili tu. Ile bastola ina namba. Imeharibika, na polisi wataiuliza. Lazima kampuni iwe na maelezo."

Naftali aliisoma polepole. Alikuwa mtu wa kusoma kila kitu, hata maandishi ya mfuko wa saruji. Iliandikwa kwamba yeye, mlinzi, alitumia silaha bila kuikagua, mtutu ukiwa na tope, kinyume cha maelekezo ya msimamizi wake. Na kwamba hana dai lolote juu ya kampuni, sasa wala baadaye. Chini kulikuwa na mstari wa sahihi, na pembeni yake kimraba cha dole gumba.

"Dole gumba la kushoto linatosha," Elinaza akasema kwa huruma. "Wino ninao, nitawaachia."

Aliyejibu ni Tabea, aliyekuwa amesimama na birika la chai. "Samahani, mzee. Kule zahanati ulisema ni mashine ya kukata majani."

"Ile ilikuwa ya haraka, Mama Anjela. Ningesema bastola wangetaka PF3. Tukakae kituo cha polisi tunangoja fomu, na mtu anamwagika damu? Nilimwokoa mumeo."

"Na hapa ni tope."

"Hapa ni tope."

"Mkono mmoja huu umekatika mara ngapi?"

Elinaza alicheka. "Mama Anjela, wewe ungekuwa wakili." Kisha akaweka kikombe chini, na kicheko kikaishia hapo. Naftali akiweka dole gumba, alisema, kampuni itatibu mpaka kidonda kifunge, na atapewa lindo jepesi Sekei, kwenye nyumba ya mzungu mmoja mstaafu. Kazi ya kufungua geti na kulifunga, tena kivulini. Asipoweka, basi hakuna kampuni inayomweka getini mlinzi aliyepasua silaha. Na bastola ni mali. Itabidi apatikane wa kuilipa.

"Jumatatu saa mbili asubuhi napita kuichukua," alisema akivaa viatu. "Siku hizo ni nyingi. Mwombeni Mungu."

Alipokwisha kuondoka, Naftali aliendelea kuitazama karatasi. "Si uongo wote," alisema.

"Kipi humo ambacho si uongo?"

"Kwamba kosa ni langu."

*

Ilikuwa hivi. Kila mwaka walinzi wa kampuni ile hupelekwa Nduruma, kwenye shimo la zamani la moramu, kulenga shabaha. Jumanne ile walikuwa kumi na wanne. Kila mmoja alipewa risasi kumi, na kila mmoja alijua sheria ya Mzee Elinaza: risasi hupiga udongo, lakini ganda hurudi nyumbani. Baada ya milio, walinzi huinama chini kama wanawake wanaookota maharage, wakatafuta maganda ya shaba kwenye vumbi mpaka hesabu itimie. Anayepungukiwa na ganda hukosa chakula cha mchana.

Zamu ya Naftali ilifika saa tano. Risasi ya kwanza ilitoka vizuri, na ya pili nayo. Ya tatu ikatoa sauti ya kizibo cha chupa. Mkono haukurushwa. Vumbi halikuruka kwenye ukingo wa shimo. Bastola, ambayo kwa kawaida hujikoki yenyewe, ilibaki imekaa kimya mkononi kama mtoto aliyeficha kitu mdomoni.

Naftali akaishusha. Zaidi ya miaka thelathini nyuma, akiwa JKT, afande mmoja aliwaambia neno ambalo hakulisahau: bunduki ikikohoa bila kutema, usiilazimishe, kuna kitu kooni. Ishushe, itoe risasi, ichungulie mtutu ikiwa tupu. Alikuwa anaanza kufanya hivyo.

"Baba Anjela!" Elinaza akapaza sauti nyuma yake. "Unaisikilizia nini, redio? Koki, piga! Au unasubiri mchungaji aje aibariki?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema babu kasinzia. Na miezi ile yalikuwa yakisemwa mengi juu ya walinzi wenye mvi. Wawili walikuwa wamekwisha kuambiwa wakapumzike. Naftali alikuwa na miaka hamsini na minne. Akaikoki bastola kwa mkono, ganda la ile iliyokohoa likadondoka karibu na kiatu chake, akalenga, akafyatua.

Risasi ya tatu haikuwa na baruti ya kutosha. Ilisukumwa mpaka katikati ya mtutu, ikakwama hapo. Ya nne ilipokuja kwa nguvu zake zote ikakuta njia imezibwa. Chuma kikatafuta pa kutokea, kikapapata kwenye vidole.

*

Jumamosi mchana alikuja Calvin. Calvin alikuwa mlinzi kijana, baba wa mtoto wa miezi mitatu, na ndiye aliyemfunga Naftali mkono kwa shati lake siku ile. Alileta machungwa manne kwenye mfuko.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mkwe hajambo? Mtoto?"

"Mtoto analia kama analipwa, mama." Alicheka, kisha akageuka akasukuma mlango mpaka ukafunga. Akatoa mfukoni kijipande cha karatasi ya nailoni, akakifungua juu ya meza, kando ya kopo la sukari. Ndani kulikuwa na ganda moja la risasi.

"Hili ni lile la kwako, mzee. La risasi ya tatu. Niliokota nikaweka mfukoni. Nilisema moyoni, bora nikose chakula."

Naftali aliligeuza kwa mkono wa kushoto. Ubavu mmoja ulikuwa na masizi, kama sufuria lililopikiwa kwa moto mbaya.

"Masizi nilikuwa nayaelewa," Calvin aliendelea. "Ila tazama kitako. Pale kwenye herufi zilizochongwa. Kuna rangi nyekundu imebaki ndani. Nikasema labda ni alama ya kiwandani. Alhamisi nikiwa lindoni nikatoa zangu kumi, nikazipindua moja moja. Mbili zina nyekundu hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipochoka. Kiwanda gani kinapaka mbili, nane kinaacha? Mzee, wewe ulikuwa JKT, hii ni nini?"

Naftali hakujua. Alisikia kishindo kidogo nyuma yake. Tabea alikuwa ameketi juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa, mikono imeshika magoti.

"Hiyo ni rangi ya kucha," alisema. "Ya Anjela. Aliiacha likizo."

Wanaume wote wawili wakamgeukia.

Tangu kabla ya Krismasi, kila mwezi, Mzee Elinaza alikuwa akimletea Tabea ndoo ndogo ya maganda kutoka mazoezini na kwingine alikokujua yeye. Tabea aliyachemsha kwa limau, akayasugua kwa majivu na mswaki mkuukuu mpaka yang'ae kama pete ya harusi, akayaanika kwenye ungo. Alilipwa kwa ndoo, na kiasi hicho kilikuwa ndicho nauli ya Anjela. Elinaza alimweleza kwamba mafundi wa urembo mjini hutoboa maganda hayo wakatengeneza hereni na cheni, na watalii wakishuka mlimani wanayagombania. Tabea alilipenda wazo hilo. Kitu cha kuulia kinageuzwa pambo. Aliwasimulia hata akina mama wa umoja wa kanisa, na mmoja akasema linafaa kuhubiriwa.

Naye, kwa kuwa alikulia kwenye kuchambua kahawa, ambako kila gunia la kumi lilipigwa chaki nyekundu ili mtu asipunjwe, alihesabu maganda kwa namna hiyo hiyo. Kila la kumi alilitia kitone cha rangi kitakoni. Akimaliza alivihesabu vitone, akamwambia Elinaza jumla. Hakuwahi kudanganywa hata ganda moja.

"Kwa hiyo hayakwenda kwa watalii," Calvin akasema polepole.

"Yalijaziwa baruti," Naftali akasema, "yakawekewa vichwa vipya, yakarudi kwetu." Akautazama mkono wake uliofungwa bandeji, kisha akautazama mkono wa mkewe, ambao ncha za vidole bado zilikuwa na ukavu wa limau.

Tabea alianza kulia bila sauti.

"Mama, usilie, hukujua," Calvin alisema. "Mimi ndiye ninayejua sasa, na kujua ni kubaya zaidi. Jumatatu niko zamu ya ofisini, bastola iko kabatini. Jumanne nasindikiza gari la fedha. Nikizikataa hizi risasi nitaulizwa nimejuaje. Nikisema nimejuaje, sina kazi. Nikinyamaza, niombe majambazi wapate homa."

"Na wakija?"

"Nitawatupia machungwa, mzee." Akanyanyuka. "Sikuja kuwapa mzigo. Nilikuja kuuliza tu ile rangi."

Aliliacha ganda mezani, ndani ya nailoni yake.

*

Jumapili walikwenda kanisani kama kawaida, kwa sababu mtu asiyeonekana kanisani huulizwa. Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu mpaka mabegani. Tabea alibeba jogoo mwekundu, sadaka ya shukrani kwamba mume wake yu hai. Hilo hata Calvin na ganda lake hawakuweza kulifuta, yu hai.

Baada ya ibada, kama ilivyo desturi ya usharika wao, sadaka za mazao zilinadiwa nje. Mikungu ya ndizi, mayai, debe la mahindi, maziwa kwenye chupa. Mnadi alikuwa Mzee Elinaza, na hakuna aliyelalamika, maana alijua kuwachekesha watu hata mfuko ukafunguka wenyewe. Kipaza sauti mkononi, alimwinua jogoo wa Tabea kwa miguu.

"Huyu jogoo ni wa nyumba ya Baba Anjela! Mnamjua Baba Anjela, mlinzi wetu? Jumanne mashine ya kukata majani imemshika mkono. Ilitaka mkono wote, Mungu akasema chukua viwili tu! Mungu ni mwema!"

"Kila wakati!" usharika ukaitikia.

"Inua mkono, Baba Anjela, washarika wauone."

Naftali aliinua mkono. Bandeji ilikuwa nyeupe, imefungwa upya na Tabea asubuhi ile kwa kitambaa cha shuka. Aliushikilia juu, kama mtoto wa shule anayejua jibu lakini mwalimu hamuulizi.

Bei ilianza, ikapanda. Mwishowe Elinaza mwenyewe akataja fedha ambayo hakuna jogoo wa mlima ule aliyewahi kuifikia, akaitoa mfukoni, akaiweka kwenye kapu watu wote wakiona. Makofi yalipopungua akamkabidhi Naftali yule jogoo.

"Akamle yeye na mama, apate nguvu. Tunabebana, ndugu zangu."

Vigelegele vilipigwa. Bibi mmoja alifuta machozi. Naftali akampakata jogoo kwa mkono wa kushoto, akajua kwamba watu wale wote wamekwisha kushuhudia wema wa Elinaza, na kwamba neno lolote atakalosema juu ya mtu huyu kuanzia leo litakuwa neno la mtu asiye na shukrani.

"Asante, mzee," alisema. "Mungu akuzidishie."

Tabea hakuwa na jogoo wa kumfunga mikono. Alimngoja Elinaza nyuma ya kanisa, penye tangi la maji, alipokwenda kunawa.

"Mzee, zile hereni za watalii zinauzwa duka gani? Nataka nikaone kazi ya mikono yangu."

Elinaza aliendelea kunawa. Maji yalipita vidoleni kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji uchafu uliokuwapo.

"Nimejazia mia nane, Mama Anjela," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo hakuitumia kwenye kipaza sauti. "Mia nane. Mashine ni nzuri, nilijifunza mwenyewe kuitumia. Unajua boksi la risasi mpya linauzwaje? Unajua mkurugenzi ananipa fungu gani, halafu anataka walinzi wote wapige kumi kumi kila mwaka? Mia nane hazikuleta neno. Moja ndiyo iliyopungukiwa. Moja tu."

"Hiyo moja ilikuwa na mtu."

"Najua. Ndiyo maana namtibu." Akajifuta kwa leso, akaikunja vizuri. Alipomtazama tena, uso ulikuwa umebadilika. Haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyefanya hesabu na kuipata. "Sasa na mimi nikuulize. Maganda yalisuguliwa wapi? Nyumbani kwa nani? Nani alipokea malipo kila mwezi? Kujazia risasi bila kibali ni jela, na aliyesaidia ni msaidizi. Tukienda polisi tunakwenda wote, mama. Anjela atamalizia chuo kwa nani?"

Watu wawili walikuwa wanakuja kunawa. Elinaza akapaza sauti yake ile nyingine: "Na jogoo umtie chumvi ya kutosha, Mama Anjela! Mumeo asije akasema nimempa maji!"

Watu wakacheka. Tabea naye, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama, akacheka.

*

Jogoo alifungwa kwenye mguu wa meza. Hakuna aliyemchinja.

Tabea alipomaliza kueleza maneno ya penye tangi, Naftali alisogeza kopo la sukari, akaivuta karatasi. "Wino uko wapi? Alisema atauacha."

"Unataka kufanya nini?"

"Naweka dole gumba. Wewe huendi jela kwa ajili ya vidole vyangu. Vidole vimeshakwenda, havirudi kwa barua wala kwa kesi. Nitafungua geti la mzungu Sekei, Anjela amalize, basi."

"Na Calvin?"

"Calvin nitamfundisha. Nitamwambia ikikohoa aishushe, asikoki, aichungulie ikiwa tupu. Mtu akijua hadhuriki."

Alikuwa mwanamke asiyependa kumpiga mumewe mahali panapouma, na ndoa yao ilikuwa imedumu kwa sababu hiyo.

"Wewe uliambiwa na afande," alisema kwa upole. "Miaka yote hiyo ulikuwa unajua. Uliishusha. Halafu watu wakacheka. Yule kijana atachekwa na nani Jumanne? Atakuwa mbele ya watu wenye bunduki, na bastola inakohoa. Atasema ngojeni, nichungulie?"

Nje, mtoto wa jirani alikuwa anapiga teke kopo tupu ukutani, tena na tena. Naftali aliusikia kila mlio. Alikuwa amejiuliza tangu Jumanne kwa nini alikoki, na jibu alilolipata lilikuwa dogo mno hata akaona aibu kulitaja: alikoki ili wasicheke. Sasa aliona kwamba dole gumba angeliweka kwa sababu hiyo hiyo. Ili usharika usigune, ili Elinaza asinune, ili mambo yaendelee kutoa mlio wake wa kawaida. Kuna kitu kooni, na yeye anaombwa afyatue tena.

"Lete daftari," alisema.

Mkono wa kulia haukuweza kushika kalamu, kwa hiyo alisema na Tabea akaandika, kwa mwandiko wa mviringo wa darasa la saba. Ilielekezwa kwa ofisi ya polisi inayohusika na leseni za silaha. Naftali alitaka iwe na *Yah* na mstari chini yake, kama barua za watu. Walieleza mashine ya kujazia, maganda, ndoo, mazoezi ya Nduruma, sauti ya kizibo. Calvin hawakumtaja, waliandika mlinzi mwenzangu mmoja. Mahali pa risasi ya nne, Tabea alisimamisha kalamu.

"'Nilikuwa najua haifai, lakini nilikoki tena.' Hiyo ya nini? Ndiyo hasa wanayoitafuta."

"Ni kweli."

"Watakugeuzia."

"Nikificha langu, nitamwambiaje Elinaza asifiche lake? Andika."

Akaandika. Kisha, bila kuulizwa, akaendelea peke yake, na Naftali alilazimika kuegemea begani kwake ili asome: *Maganda hayo nimeyasugua mimi mke wake, Tabea, nyumbani kwangu, kwa malipo, tangu mwezi wa kumi na moja. Niliambiwa ni ya urembo. Kila la kumi nililitia rangi nyekundu. Risasi zilizo na rangi na zisizo na rangi zote ni zile zile. Tunaomba zikusanywe kabla ya Jumanne.*

"Mama Anjela," Naftali alisema.

"Ni kweli," alijibu.

Waliinakili mara ya pili, neno kwa neno, mpaka jua likaondoka dirishani. Naftali alisaini zote mbili kwa mkono wa kushoto. Jina lake lilitoka likiyumba kama mtu anayevuka mto kwa mawe, lakini lilivuka.

*

Jumatatu saa moja bahasha ilikataa kufunga. Gundi ya ukingo wake ilikuwa imekauka dukani miaka mingapi sijui, na lile ganda ndani yake lilitunisha tumbo la karatasi. Tabea alilamba mara mbili, ikafunguka mara mbili. Ndipo akachukua ugali wa jana, akaufinya kwa maji ya moto mpaka ukawa uji mzito, akaupaka kwa kidole. Naftali aliikandamiza mezani kwa kiganja cha kushoto, akahesabu moyoni mpaka mia.

"Mikononi mwa mtu wa masjala, si mwa mwingine," alisema. "Nakala yetu ipigwe mhuri wa leo. Usirudi bila mhuri."

"Na wakinizuia huko huko?"

Alikuwa amelifikiria swali hilo usiku kucha. "Nitakuja," alisema. "Nitakuja na nguo zako, na nitakaa."

Tabea alivaa gauni la Jumapili. Aliiweka bahasha katikati ya kitabu cha nyimbo, akakifunga kwa khanga kiunoni. Mlangoni aliangalia jogoo, akaangalia karatasi ya Elinaza, ambayo kimraba chake bado kilikuwa cheupe.

"Umrudishie na kuku wake," alisema.

Bodaboda ilimngoja kwenye mteremko. Naftali alimwona akipanda kwa ubavu, mkono mmoja ukishika kitabu pale kiunoni, na pikipiki ikashuka kati ya migomba ya jirani, ikatokea barabarani, ikageuka upande wa mjini. Hakuna tena aliyeweza kuirudisha barua ile. Wala Elinaza kwa sala, wala yeye mwenyewe kwa woga.

Alirudi ndani, akamfungua jogoo kutoka mguu wa meza kwa vidole vya kushoto, taratibu, fundo baada ya fundo. Ilipotimia saa mbili gari lilisimama nje, na sauti iliyozoeleka ikasema hodi.

"Karibu, mzee," Naftali akajibu, akaenda kufungua.